Mstaarabu ni mtu mwenye kwao, au ni mtu aliyetoka kwao?

#1 MlangoBahari
Wakuu, salaam.

Naleta jambo linalonisumbua, na nataka wajuzi wa lugha na wa historia walishike bila kuogopana. Tukimsifu mtu tunasema "huyu mstaarabu". Tukitaka ugomvi uishe tunasema "tumalizane kistaarabu". Vitabu vya historia vya shule vinatufundisha "ustaarabu wa Misri ya kale". Sasa lifungueni neno lenyewe: ndani yake yumo Mwarabu. Kustaarabika, kwa asili yake, ni kuwa kama Mwarabu, yaani kuacha ya kwenu na kuvaa ya watu.

Upande wa pili wahenga wametuachia "Mkataa kwao ni mtumwa". Kwa hiyo mtu yuleyule ambaye neno moja linamsifu, methali inamwita mtumwa. Mimi nashikilia kwamba lugha yetu imebeba ugomvi huu kwa karne nyingi na hatujauamua. Karibuni.

#2 Kasuku_Mweusi
Naweka mkeka hapa. Wajuzi njooni.

#3 MwalimuWaZamu
Mleta mada, umeshika nusu. Kitenzi cha Kiarabu *istaʿraba* kweli ni kuwa Mwarabu au kujifanya Mwarabu. Ila usidhani kilitungwa kumdharau Mwafrika. Wanasaba wa Kiarabu waliwagawa Waarabu wenyewe mafungu: kuna Waarabu wa asili, na kuna *mustaʿriba*, waliofanywa Waarabu, ambao ni kizazi cha Ismaili kupitia Adnani. Maquraishi, kabila la Mtume, wamo katika fungu hilo la pili. Kule Andalusia nako, Wakristo walioishi chini ya utawala wa Kiislamu waliitwa kwa neno hilohilo, na Wahispania wakalitamka *mozárabe*.

Tena Mwarabu hatumii neno hilo kwa maana yetu. Yeye husema *hadhara*, neno linalotokana na kuwapo mahali, kutulia mjini, kinyume cha kuhamahama jangwani. Ibn Khaldun katika karne ya 14 alijenga hoja nzima juu ya watu wa jangwani na watu wa hadhara. Sisi tukachukua neno la mzizi huohuo tukalipa kazi nyingine: mkutano wa hadhara, matusi hadharani. Kwa hiyo maana ya "ustaarabu" tunayoijua leo hatukuazima. Tuliitengeneza wenyewe, kwa neno la kuazima.

#4 Jogoo_la_Shamba
Kumbe mgombea akipanda jukwaani kwenye mkutano wa hadhara, kwa Kiarabu ni mkutano wa ustaarabu! Wengine wakashitakiwe.

#5 Fundi_Boriti
Nashangaa hakuna aliyelitaja neno lililokuwepo kabla: uungwana. Miji ya pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, mtu hakusifiwa kwanza kwa kustaarabika. Alisifiwa kwa uungwana. Na muungwana hakuwa mtu mpole tu kama tunavyosema leo. Alikuwa mtu huru, anayejulikana nyumba aliyotoka, baba zake na mtaa wao. Kinyume chake alikuwa mtumwa, na mtumwa ni nani? Ni mtu aliyeng'olewa akaletwa mahali ambapo hakuna amjuaye babu yake.

Ukisoma hivyo, "Mkataa kwao ni mtumwa" inaacha kuwa tusi na inakuwa maelezo. Aliyenunuliwa alinyang'anywa kwao kwa nguvu. Wewe mwenye kwao ukikukataa, umejiweka pale alipowekwa yeye.

Sasa jibu la swali la mleta mada kwa upande wangu: muungwana ni mwenye kwao. Mstaarabu ni neno lililokuja kupata nguvu baadaye, hasa karne ya 19 wakati Masultani wa Kiomani walipokuwa na makao Unguja na heshima ikawa inatazamwa kutoka kwenye baraza lao. Neno la nyumbani likasukumwa kando na neno la ikulu.

#6 MwalimuWaZamu
Fundi, nakubali uungwana ni neno zito, lakini usilipambe. Muungwana wa Lamu wa nyumba ya mawe alikuwa anamwita mtu wa bara "mshenzi". Na huyo mtu wa bara alikuwa na kwao, ana babu, ana mji, ana mizimu yake. Kwa hiyo kuwa na kwao pekee hakukutosha. Kulitakiwa kwao kwa namna fulani: mji wa pwani, msikiti, nyumba ya mawe. Uungwana ulikuwa na ukuta wake.

#7 Fundi_Boriti
Sikatai ukuta. Nasema ukuta huo ulijengwa juu ya swali la "kwao wapi", haukujengwa juu ya swali la "unafanana na nani".

#8 Nyota_ya_Ziwa
Mimi nivute upande wa pili wa mada maana naona wote mmekimbilia ustaarabu. Tazameni neno kwetu. Halina nyumba ndani yake, wala mji, wala ardhi. Ni mahali na sisi, basi. Na hata ukiwa peke yako duniani hutasema "kwangu Bukoba" ukimaanisha ulikotoka. Utasema "kwetu Bukoba". Ukimwuliza mtu mmoja tu aliyesimama mbele yako, unamwuliza "kwenu wapi?", kana kwamba amesimama na ukoo mzima nyuma yake.

Kwangu ni ninapolala. Naweza kupahama, kupauza, kupabomoa. Kwetu hakuuzwi na mtu mmoja. Nadhani mfarakano aliouona mleta mada unaanzia hapa: ustaarabu ni sifa ya mtu mmoja mmoja (huyu mstaarabu, yule siye), lakini kwao ni mali ya wengi. Methali inamkemea mmoja anayejichomoa kwa wengi.

#9 Jogoo_la_Shamba
Nyota, mbona umetaja Bukoba haraka hivyo? Tulijua tu, mtu wa huko hawezi kumaliza aya bila kutuambia kwao.

#10 Nyota_ya_Ziwa
Ndiyo kwetu, nisipotaja mimi utataja wewe?

#11 Mama_Wawili
Nyota #8 umesema vizuri, ila umeongea kama mwanaume. Hiyo "kwetu" ina jinsia.

Nikiolewa, nyumba ninayoishi ni "kwa mume wangu" au "kwake". Siku nikibeba mabegi na watoto, mtaa mzima utasema "amerudi kwao". Maneno mawili tu, na kila mtu ameelewa kuwa ndoa imevunjika. Mwanaume akiachwa hakuna anayesema amerudi kwao, maana inachukuliwa hakuwahi kutoka. Mimi nilipoachana na mzazi mwenzangu nilirudi kwa wazazi, na nikakuta kaka zangu wananiona mgeni. Kule nilikotoka niliitwa "mtoto wa watu", na huku nilikorudi naambiwa "wewe ni wa kule". Kwa miaka ile kwetu kulikuwa kama mpaka, pande zote mbili zinakuonyesha upande wa pili.

Kwa hiyo kabla hamjamwita mtu mtumwa kwa kukataa kwao, ulizeni kwanza kama kwao kulimkubali.

#12 Kusini_Kuchele
Pole dada. Lakini usiseme "kwetu" yote iko hivyo. Sisi Wamakonde, na jirani zetu Wayao na Wamwera, ukoo tangu zamani unahesabiwa kwa mama. Kwa desturi hiyo mume ndiye anayehamia upande wa mke, na mjomba ndiye mwenye kauli. Huko mwanaume ndiye aliyekuwa anafungashiwa virago.

#13 Fundi_Boriti
Na Lamu vilevile, pamoja na majina yote ya Kiarabu. Waungwana walikuwa wakiwapa mabinti nyumba. Baba akijaliwa binti anaongeza ghorofa au anajenga ng'ambo ya njia na kuunganisha kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro. Mume anakuja kuishi hapo. Nyumba ni ya mwanamke, mume kaikuta.

#14 Mama_Wawili
Asanteni. Basi nilizaliwa mkoa usio wangu.

#15 Wakili_Mtulivu
Wakuu, mnaongea kana kwamba jambo hili ni la kamusi tu. Liliwahi kufika mahakamani na likaisimamisha nchi nzima. Kenya, wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike Upper Matasia karibu na Ngong, kwenye ardhi yao. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema hapana, azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mwili ulikaa mochwari takriban miezi mitano huku kesi ikipanda na kushuka.

Hoja za pande mbili ndizo hizi mnazobishania. Upande wa mjane ulisema huyu alikuwa mtu wa kisasa, msomi, mwanasheria, aliyeoa nje ya kabila lake na kulea watoto wake Nairobi. Maisha yake hayakuongozwa na mila. Hiyo ni hoja ya ustaarabu. Upande wa ukoo ukajibu kwamba Nairobi alikuwa na nyumba, nyumbani kwake hakukuwa Nairobi. Hiyo ni hoja ya kwao. Hata mwanafalsafa Henry Odera Oruka aliitwa kutoa ushahidi. Ukoo ulishinda na mazishi yakafanyika Nyalgunga, Mei 1987.

Ninachotaka mkione: mahakama ilikuwa na watu waliosoma sheria ya Kiingereza, wamevaa majoho ya Kiingereza, na bado swali la "kwao wapi" lilishinda.

#16 Ja_Nam
Wakili umeeleza vizuri, niongeze kwa sababu ndiyo lugha yangu. Dholuo, lugha ya Wajaluo, kabila la Otieno, ina *ot*, jengo la kulala, na ina *dala*, boma lenye watu wake. Ot unaweza kuwa nazo kumi mjini, hata kwa kupanga. Dala inaanzishwa kwa taratibu: unatoka kwa baba yako, unakwenda na mwanao wa kwanza, jogoo na shoka, wazee wanashuhudia. Asiyefanya hivyo hana dala hata akijenga ghorofa. Kwa hiyo ule upande wa ukoo haukuwa ukicheza na maneno. Kwetu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na mimi sikubaliani na Wakili kuiita hoja ya mjane "hoja ya ustaarabu" na nyingine isiwe. Dala yenye sheria, urithi, mipaka na wazee wa kuamua, kama huo si ustaarabu niambieni ni nini.

#17 Wakili_Mtulivu
Nimepokea, Ja Nam. Ingawa mjane naye alikuwa na la kusema: mke aliyeishi na mtu maisha yote akaambiwa hana sauti juu ya kaburi. Tusilifunike hilo.

#18 Mama_Wawili
#17 hapo ndipo roho yangu ilipo.

#19 Chimba_Chimba
Mmefika kwenye makaburi, basi niwape kitu. Wachunguzi wa asili za lugha za Ulaya wanaeleza kwamba neno la Kilatini *civis*, raia, ambalo ndilo mama wa neno lao la ustaarabu, *civilization*, na neno *home* la Kiingereza, huenda yalizaliwa na shina moja la kale sana lenye maana ya kulala, kutua. Kigiriki kina *keimai*, nimelala. Na mahali pa kulala, *koimeterion*, ndipo Wazungu walipopata neno lao la makaburi.

Yaani kwao wenyewe nyumbani, ustaarabu na makaburi yanagusana kwenye kitendo kimoja: mahali unapolaza mwili. Ukoo wa Umira Kager haukuhitaji Kilatini kulijua hilo.

Nyongeza: neno lao hilo la ustaarabu ni changa. Mirabeau, yule baba wa mwanasiasa wa Mapinduzi ya Ufaransa, ndiye anayetajwa kulitumia kwanza katika maandishi kwa maana hiyo, mwaka 1756. Samuel Johnson alikataa kuliingiza kwenye kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1772. Neno ambalo nusu ya dunia ilitawaliwa kwa jina lake, miaka mia moja kabla ya Mkutano wa Berlin lilikuwa bado linabisha hodi.

#20 MwalimuWaZamu
Chimba, weka breki kidogo. Hilo shina la *home* lina wapinzani. Wako wanaolipeleka kwenye shina jingine lenye maana ya kujenga makazi, linalofanana kwa sauti tu na lile la kulala. Kwa hiyo undugu wa *civis* na *home* ni dhana nzuri, si hati ya kuzaliwa.

#21 Chimba_Chimba
Ndiyo maana niliandika "huenda", mwalimu.

#22 Mwana_Mji
Hakuna haja ya kwenda Roma. Chukueni neno mji. Kwa Kiswahili ni mahali pa watu wengi, masoko, barabara. Kwa Kikikuyu *mũciĩ* ni nyumbani. Kikamba *mũsyĩ*, nyumbani. Mzulu anasema *umuzi*, boma la familia. Ni neno moja la Kibantu. Na Kiswahili chenyewe kimeficha maana nyingine: mji ni tumbo la uzazi. Mkunga anajua.

Sasa: Mwarabu alichukua *madina*, mji, akapata *tamaddun*, na sisi tukapata utamaduni. Mrumi alitoka kwa raia wa mji akapata neno lake. Wote ustaarabu wao ni jambo la mjini. Mbantu mji wake ni nyumbani na ni tumbo la mama. Kama tungeunda neno letu wenyewe kutokana na mji, ustaarabu na kwao vingekuwa neno moja, na uzi huu usingekuwepo.

#23 Kasuku_Mweusi
Hapo kwa tumbo nimesimama na kupiga makofi peke yangu.

#24 MwalimuWaZamu
Ni hoja nzuri, ila hao Wakikuyu na Wakamba hawakuunda neno la ustaarabu kutokana na mji vilevile. Shina kuwepo si sababu ya neno kuzaliwa.

#25 Karani_wa_Sensa
Ongezeni kaya. Mwaka 2022 tulipohesabu watu Tanzania tulihesabu kwa kaya, na aliyehesabiwa ni aliyelala hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Haikujalisha kwao ni wapi. Baba yupo safarini, anahesabiwa alikolala. Wengine walitaka kunigombeza: "Andika na mwanangu, yuko chuoni." Namwambia mama, atahesabiwa hukohuko. Hataki. Kwake kaya ni wote aliowazaa, kwa serikali kaya ni waliolala.

Kwa Wasukuma kaya ni boma lenyewe. Ukivuka kwenda Kenya, kwa Wamijikenda, kaya ni misitu mitakatifu ambako mababu walikuwa na maboma yao ya kujihami. Watu walishahama zamani, waliobaki ni wazee wa kaya wanaoilinda, na UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008. Neno moja: hapa ni waliolala usiku mmoja, pale ni mahali ambapo hakuna anayelala, na bado ndiko kwao.

#26 Bibi_Kidude_Fan
Na jina lenyewe Mijikenda si "miji tisa"? Mwana_Mji anapata pointi nyingine.

#27 Mzee_wa_Mahame
Vijana, hamjambo. Neno langu ni mahame. Sijui kama wengi mnalitumia. Ni mahali palipohamwa.

Mwaka 1974 nilikuwa kijana, Operesheni Vijiji ikatukuta. Novemba mwaka uliotangulia Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Tulihamishwa tukapangwa kwa mistari kando ya barabara. Sababu zilielezwa: shule, zahanati, maji ya bomba havimfikii mtu aliyejitenga porini. Na shule ilikuja kweli, watoto wangu wote walisoma pale. Siwezi kusema sikuona faida. Lakini baba yangu hakuacha kwenda kwenye mahame yake kupalilia makaburi ya wazazi wake, na akiulizwa anakokwenda alikuwa akijibu "nakwenda nyumbani", huku ametoka kwenye nyumba yenye bati.

Kipindi hicho hatukuambiwa tustaarabike. Neno lilikuwa maendeleo. Nadhani baada ya uhuru neno ustaarabu lilivuliwa kazi ya kuhamisha watu, likabakiziwa kazi ya adabu: usiteme mate, panga foleni, usipige kelele. Kazi yake nzito alipewa maendeleo.

#28 Wakili_Mtulivu
Mzee, shikamoo. #27 ni mchango bora kwenye uzi huu mpaka sasa. Na kazi hiyo nzito unayoisema imo kwenye maandishi. Mkataba wa Ushirika wa Mataifa wa 1919, kifungu cha 22, ndio uliokuwa msingi wa kumkabidhi Mwingereza Tanganyika. Unasema watu ambao bado hawawezi kujisimamia katika dunia ya kisasa, ustawi wao ni "amana takatifu ya ustaarabu". Yaani babu zetu waliwekwa kwenye amana kama vyombo vya ndani, mwenye nyumba akiwa bado yumo ndani ya nyumba yake.

#29 Mzee_wa_Mahame
Marahaba. Na ustaarabu huo uliingia kwa kuhesabu nyumba. Wajerumani walitoza kodi ya kibanda kuanzia 1898, Mwingereza upande wa Kenya mwaka 1901. Wazee walitusimulia watu walivyobanana kwenye kibanda kimoja ili vihesabiwe vichache. Kodi ilivunja utaratibu wa nani analala wapi, kijana balehe na wazazi wake chini ya paa moja. Kisha waliotoza kodi wakaandika kwamba watu hawa hawana staha.

#30 Husuni
Naona bara mmeteka uzi. Turudi pwani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri kabisa. Nyumba za mawe ya matumbawe, kasri la Husuni Kubwa, biashara ya dhahabu ya Sofala. Ustaarabu ulikuwepo, nyumbani kulikuwepo, vyote mahali pamoja. Tatizo mnalolitafuta sisi hatukuwa nalo.

#31 Chimba_Chimba
Husuni, Battuta kusifu mji ni kweli, lakini mawe umeyaongeza wewe. Wafasiri wake hawakubaliani: yupo anayemfasiri kwamba majengo yote yalikuwa ya mbao, mwingine anazungumzia mapaa ya miti ya mikoko. Na wachimbaji wa mambo ya kale wanakubaliana kwamba katika miji hiyo watu wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na fito. Mawe yalikuwa ya wachache. Ila sifa ya mji mzuri Battuta aliitoa kwa mji mzima.

#32 Fundi_Boriti
Na hata mawe yalikuja juu ya udongo. Shanga, kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine ya udongo na miti, wa kwanza kabisa wa karne ya 8. Yaani mji ulikuwepo kabla ya jiwe. Hii inaua ile hadithi ya kwamba wageni walishuka majahazini na mji mkononi.

#33 Daktari_Nasaba
Fundi, ngoja. Usiwaue wageni wote. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya zamani ya pwani, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 watu wengi waliozikwa pale walikuwa wamechanganya damu: upande wa mama karibu wote Waafrika, upande wa baba wengi ni wa asili ya Uajemi. Wale waliokuwa wakisema "sisi Washirazi" wakachekwa, hawakuwa waongo wote.

Sasa unganisheni na mada. Akina baba walikuja na majina na nasaba. Akina mama walikuwa na lugha, na lugha iliyobaki ni ya kina mama: Kiswahili ni Kibantu. Mimi naona neno ustaarabu limetoka kwa baba na neno kwetu limetoka kwa mama. Mleta mada ameona ugomvi, mimi naona ndoa.

#34 Mama_Wawili
Daktari, ndoa na ugomvi si vitu viwili tofauti. Niulize mimi.

#35 Jogoo_la_Shamba
😂😂 Uzi ufungwe hapo.

#36 MwalimuWaZamu
Usifungwe. #33 imependeza mno kiasi cha kutia shaka. Waajemi walileta damu, lakini hawakuleta neno "ustaarabu", hilo ni la Kiarabu. Baba wa damu na baba wa neno ni watu wawili.

#37 Bibi_Kidude_Fan
Zanzibar tuna maskani, nalo lina mambo yake. Kwenye kamusi ni makazi. Mtaani ni pale vijana na wazee wa chama wanapokaa kutwa kuzungumza siasa. Mtu ana nyumba yake lakini ukimtafuta unaambiwa "mwangalie maskani". Na nasikia maskani na maskini ni ndugu: maskini ni aliyekaa tu, hana pa kwenda.

#38 Chimba_Chimba
Wanakamusi wa Kiarabu walieleza hivyo, kwamba yote ni ya mzizi wa kutulia. Ila wataalamu wa lugha za kale wanasema maskini aliingia Kiarabu kutoka Kiakadi cha Babeli, *muškēnu*. Kwa hiyo maskini ni mgeni aliyepewa ubini wa nyumba hiyo.

#39 Bibi_Kidude_Fan
Kumbe hata maskini kastaarabika.

#40 Bunduki_FC
Nyie wasomi, nyumbani ni pale mnapocheza na mashabiki wenu. Ugenini ni kwingine. Basi.

#41 Kasuku_Mweusi
Na timu mbili za mji mmoja zikicheza uwanja mmoja?

#42 Bunduki_FC
Mwenyeji anatajwa kwenye ratiba. Umeona? Nyumbani ni karatasi.

#43 Mtu_wa_Ughaibuni
Bunduki amesema bila kukusudia jambo kubwa. Huku niliko, "nyumbani" ni nchi nzima. Nikikutana na mtu wa Mtwara, mimi wa Arusha, tunaulizana "nyumbani umekwenda lini?" kana kwamba tulizaliwa nyumba moja. Nikitua Dar, nyumbani inasogea inakuwa Arusha. Nikifika Arusha mjini, inasogea tena inakuwa kwa wazazi mlimani. Kila nikikaribia inapungua ukubwa. Na nikifika kabisa, mama ananiambia "karibu mgeni".

Kuhusu ustaarabu: huku naambiwa nimestaarabika kwa kuwa naongea lugha yao vizuri. Kule kwetu naambiwa sina ustaarabu kwa sababu niliwasalimia wazee nikiwa nimesimama. Neno moja, mimi yuleyule, wiki moja.

#44 MlangoBahari
Wakuu, nimesoma yote na nawashukuru. Fundi bado hajanishawishi kwamba uungwana ulikuwa bora, baada ya jibu la mwalimu #6. Mama_Wawili amenitikisa zaidi ya wote: methali niliyoianza nayo inadhani kila mtu ana kwao pa kukataa. Hilo sikulitazama. Na Ja Nam #16 ana hoja kwamba tumeuweka ustaarabu upande mmoja na kwao upande wa pili bila kuuliza nani aliyeweka mstari. Ila la mji kuwa tumbo, Mwana_Mji, nahitaji zaidi. Ni neno moja kweli au ni mawili yamegongana sauti?

#45 Mwana_Mji
Kamusi nyingi zinayaweka pamoja. Nitatafuta za zamani zaidi nirudi.

#46 Mkwale
Nimechelewa lakini sitaki #12 apite hivihivi. Wamakonde wako pia huku kwetu Kwale, Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa. Wajukuu walizaliwa hapa na hawakuwa na vitambulisho, kwa hiyo hawakuwa na benki wala kazi ya serikali. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Walivyokuwa wakiulizwa "kwenu wapi", walikuwa wakijibu Kwale, na karani anajibu hapana. Sasa Kusini_Kuchele hapo juu anasema "sisi Wamakonde" akimaanisha Mtwara. Na hawa wa kwetu wakisema "sisi Wamakonde" wanamaanisha Kenya. Mimi nimesoma nao, nimezika nao. Nataka Fundi_Boriti anijibu: kwa kipimo chake cha muungwana, mtu ambaye kwao alikujua siku zote lakini serikali ikakujua mwaka 2017, alikuwa nani kabla ya hapo?

#47 Fundi_Boriti
Alikuwa muungwana. Aliyekosa uungwana ni aliyemnyima karatasi.

#48 MwalimuWaZamu
Hapana Fundi, hapo unabadilisha maana katikati ya uzi. Kwenye #5 muungwana ni anayejulikana nyumba yake. Nani amjue: jirani au karani? Chagua moja ndiyo tuendelee.